Baiskeli ya mwanao haina stendi? Pima kwanza, chuma kikatwe baadaye

Vigurudumu vya pembeni vikishatolewa, baiskeli ya mtoto hubaki bila pa kuegemea. Fundi wa kuchomelea mtaani anaweza kuitengenezea stendi yake, lakini kuna mambo ambayo mzazi anapaswa kuyajua kabla ya kukabidhi baiskeli.

Ukipita jioni katika mitaa ya Mwananyamala, kuanzia Komakoma hadi Kwa Kopa, utaziona baiskeli za watoto zimelala chini kila mahali. Ipo mlangoni kwa duka, ipo kwenye ngazi ya baraza, na nyingine iko katikati ya kichochoro ambacho watu wawili wenye ndoo za maji wakikutana lazima mmoja asubiri. Wapita njia huruka, huguna na wakati mwingine humtukana mtoto wa watu kwamba hana adabu.

Mara nyingi mtoto hana kosa. Baiskeli yake haina stendi, na kitu kisicho na miguu kitalala tu.

Wazazi wengi hawalioni jambo hili mapema kwa sababu baiskeli ndogo mpya huja na vigurudumu viwili vya pembeni. Vigurudumu hivyo humsaidia mtoto asianguke, lakini pia hufanya kazi nyingine ambayo hatuitaji, nayo ni kuisimamisha baiskeli inapoegeshwa. Siku mtoto anapojua kuendesha na vigurudumu vikatolewa, nyumba nzima hufurahi. Kuanzia siku hiyo baiskeli nayo haina tena mahali pa kuegemea. Kwa baiskeli za mtumba hali ni hiyo hiyo. Nyingine hushushwa kwenye kontena zikiwa hazina stendi tangu zilikotoka, na nyingine stendi ilikwisha kung'oka njiani.

Katika nyumba yenye uwanja wake na geti, baiskeli iliyolala chini ni jambo dogo. Katika nyumba ya vyumba sita yenye korido moja, uani kwa pamoja na wapangaji wa kila aina, ni jambo la amani ya nyumba. Ikiegemezwa ukutani usiku, paka akiigusa inaanguka kwa kishindo na kuwaamsha wote. Ikilazwa koridoni, mpangaji anayerudi kutoka zamu ya usiku anajikwaa gizani. Na penye mtoto mdogo anayejifunza kutembea kwa kushikashika vitu, baiskeli iliyoegemezwa vibaya ni ya kumwangukia. Baiskeli ya mtoto wa miaka sita inaweza kufika kilo kumi, na hizo kilo kumi zina ncha za breki na pedali za chuma.

Yenyewe pia huumia. Ikilazwa upande wa mnyororo, mchanga huingia kwenye mafuta ya mnyororo na kuugeuza kuwa msasa. Wakona wa breki hupinda, mpira wa mshikio huchanika, na bomba tupu la usukani linabaki wazi. Bomba hilo likiwa wazi ni hatari kwa tumbo la mtoto anayeanguka juu ya usukani.

Kwa nini stendi ya dukani haikai

Jambo la kwanza ambalo mzazi hufanya ni kununua stendi ya dukani. Kwa baiskeli ya mtoto mkubwa au mtu mzima, hapo safari imekwisha. Kwa baiskeli ndogo mara nyingi ndiyo inaanza.

Baiskeli huitwa kwa kipimo cha gurudumu. Ya inchi 26 ina gurudumu ambalo katikati yake iko kama sentimita 33 kutoka ardhini. Ya inchi 20 ni kama sentimita 25, ya inchi 16 ni sentimita 20 tu, na ile ndogo ya inchi 12 haizidi sentimita 15. Stendi iliyotengenezwa kwa ajili ya baiskeli kubwa ikifungwa kwenye hii ya inchi 16, itaisukuma baiskeli kulia mpaka ianguke upande wa pili. Ukiikata bila kipimo, inakuwa fupi, baiskeli inalala kushoto na kuteleza. Zipo stendi zinazorefushwa na kufupishwa kwa bolti, na ukipata inayoshuka hadi kimo cha baiskeli yako, inunue, utakuwa umepunguza kazi. Lakini kwa inchi 12 na 14 hata hizo mara nyingi hugoma.

Wazazi waliokulia na Phoenix, au na Swala zilizokuwa zikitengenezwa hapa hapa Dar es Salaam, wataikumbuka stendi ya aina nyingine. Ile ilikuwa ya miguu miwili, imefungwa kwenye ekseli ya nyuma, ukiivuta gurudumu zima linanyanyuka na baiskeli inasimama wima. Watoto tulikuwa tunapanda na kukanyaga pedali papo hapo bila kwenda popote. Stendi ile ilikuwa imara, lakini kuinyanyulia baiskeli kulihitaji nguvu za mtu mzima. Mtoto wa miaka sita haiwezi. Yake iwe ya mguu mmoja, ya pembeni, upande wa kushoto, kwa sababu kulia kuna mnyororo na mtoto hupandia kushoto.

Anza na kijiti

Mzazi akifika kijiweni mikono mitupu, mazungumzo huwa ya namna hii.

“Fundi, nataka stendi ya baiskeli ya mtoto.”

“Baiskeli iko wapi, mama?”

“Iko nyumbani. Ni ndogo tu, ya saizi hii.”

Fundi muungwana atamwambia arudi na baiskeli. Fundi mwenye haraka atakata chuma kwa kukisia, na mama ataondoka na kitu kitakachomrudisha kesho yake. Kwa hiyo kipimo kichukuliwe nyumbani, na kichukuliwe kwa kijiti kabla ya chuma. Mti wa fagio la zamani au kipande cha mwanzi kinatosha, kwa kuwa ukikosea kukata hujapoteza kitu.

Jaza upepo kwanza. Tairi lililolegea hushusha baiskeli, na stendi itakayopimwa hapo itakuwa fupi siku ukijaza. Peleka baiskeli mahali inapoegeshwa kila siku, maana sakafu ya korido na mchanga wa uani ni vitu viwili tofauti.

Mwombe mtu aishike baiskeli wima. Ning'iniza uzi wenye nati kutoka katikati ya kiti mpaka karibu na ardhi, uweke alama ya chaki uzi unapoishia. Sasa baiskeli iinamishwe kushoto taratibu, mpaka uzi uhame kwenye alama kwa upana wa vidole vinne, yaani kama sentimita sita au saba. Kwa baiskeli ya inchi 16, mwinamo huo unatosha. Ukizidi hapo baiskeli inaelemea stendi. Ukipungua, mtoto akiigusa kidogo tu inaangukia kulia.

Ikiwa imeshikwa hivyo, weka kijiti kuanzia kwenye nati ya ekseli ya nyuma upande wa kushoto, kishuke kwenda chini na kwenda nje. Ncha yake igote ardhi kama sentimita 15 kutoka kwenye mstari wa magurudumu. Stendi inayofungwa nyuma kabisa lazima ipanuke kuliko inayofungwa katikati, kwa sababu uzito mwingi uko mbele yake. Vilevile ncha isogee mbele kidogo kuliko ekseli, ili uzito wa baiskeli uisukume stendi kwenye kizuizi chake badala ya kuikunja.

Kata kijiti hapo. Kishikilie mahali pake kwa mkono, mwenzako aachie baiskeli taratibu, na uangalie. Punguza kidogo kidogo mpaka isimame unavyotaka. Kijiti hicho ndicho utakachompa fundi pamoja na baiskeli yenyewe, na hapo hakuna tena kukisia.

Mtoto awepo wakati wa kupima. Yeye ndiye atakayeishusha na kuipandisha stendi hiyo kila siku, pengine akiwa na malapa au miguu mitupu, na mguu wake ndio utakaoonyesha kama anaifikia.

Sumaku kabla ya moto

Ukifika kwa fundi, swali la kwanza ni kama fremu ni ya chuma au ya aluminiamu. Huhitaji kuwa mtaalamu kulijibu. Chukua sumaku, hata ile ya spika mbovu, uiguse kwenye fremu. Ikinasa, ni chuma. Isiponasa, basi ni aluminiamu au aloi nyingine, na mashine ya kawaida ya kuchomelea ya kijiweni haiwezi kuiunga. Itaitoboa au kuidhoofisha, na fremu ya baiskeli ikishadhoofika haitoi taarifa. Hukatika mtoto akiwa juu yake.

Ila hata fremu ikiwa ya chuma, usikubali stendi ichomelewe kwenye fremu. Mabomba ya baiskeli za watoto ni membamba, moto ukizidi yanatoboka au yanakuwa dhaifu pembeni ya kiungo. Rangi ya ndani na nje huungua, na kutu huanzia hapo. Stendi nzuri hutengenezwa pembeni, ikapozwa, kisha ikafungwa kwa bolti. Ikija kuharibika au mtoto akikua, unaifungua tu.

Vifaa vyenyewe ni vichache. Kinahitajika kipande cha chuma bapa chenye unene wa milimita tatu au nne, na ufito laini wa chuma wa milimita 10 au 12 kwa ajili ya mguu. Nondo ya ujenzi inaweza kufanya kazi, lakini mikunjo yake hukwaruza miguu, kwa hiyo isuguliwe. Ongeza bolti moja ya milimita nane, washa zake, nati yenye plastiki ndani isiyolegea kwa mtikisiko, springi ndogo, na kishikizo cha kuzungushia bomba la fremu.

Bapa linatobolewa tundu la milimita 10 na kuvaa kwenye ekseli ya nyuma, pale pale palipokuwa pamekaa mkono wa kigurudumu cha pembeni. Nafasi hiyo ipo tayari kwenye ekseli, na nati huingia kwenye nyuzi bila shida. Kwa kuwa tundu moja haliwezi kuzuia bapa lisizunguke, ncha yake ya mbele inafungwa kwenye bomba la fremu kwa kishikizo, katikati kukiwekwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili bomba lisikwaruzwe wala kubonyea.

Hapa kuna jambo moja ambalo linatofautisha stendi ya fundi makini na ya fundi wa bora liende. Mguu wa stendi lazima utoke nje ukiwa chini, lakini ukikunjwa ulale sambamba na gurudumu. Njia rahisi ya kuutoa nje ni kuupinda mguu wenyewe, na ndiyo njia mbaya. Mguu uliopindwa ukikunjwa unabaki umechomoza pembeni kama pembe, tayari kumpiga mtoto kwenye ugoko au kukamata nguo ya mpita njia. Kinachopaswa kupindwa ni bapa. Sehemu yake ya chini iinamishwe kidogo kuelekea nje, bolti ifungwe kwenye sehemu hiyo iliyoinama, na mguu ubaki umenyooka. Ukiushusha utatoka nje wenyewe, ukiukunja utajilaza kando ya gurudumu.

Baada ya hapo fundi anachomelea kizuizi kidogo cha kuufanya mguu usipitilize mbele, na vishikio viwili vya springi. Springi ikae hivi kwamba mguu ukiwa katikati ya safari inavutika kuliko wakati wote. Hapo itaushikilia mguu juu ukiwa juu, na kuushikilia chini ukiwa chini. Springi ya stendi ya bodaboda inapatikana kila kona, lakini ni ngumu mno kwa mguu wa mtoto. Atashindwa kuishusha, au itamponyoka na kumpiga kwenye kifundo.

Mwisho wa mguu upate kisahani. Kipande cha bapa cha sentimita nne au tano kwa kila upande, kimeviringwa pembe zake, kinazuia stendi isizame kwenye mchanga wetu. Waendesha bodaboda wasio na kisahani utawaona wakitafuta jiwe au kipande cha mbao kila wanapoegesha. Kipande cha tairi kuukuu kikifungwa chini ya kisahani, sakafu ya korido haichubuki na baiskeli haitelezi kwenye marumaru. Pia omba kisahani kitokeze kidogo mbele ili vidole vya mtoto vipate pa kukivutia.

Pembe zote zisuguliwe kwa tupa au grainda mpaka upitishe kiganja bila kukwaruzika. Kisha rangi ya kuzuia kutu, na juu yake rangi anayoitaka mwenye baiskeli.

Bei mpatane kabla ya chuma kukatwa, na muulizane ni bei ya nini. Je, springi imo? Rangi imo? Kufunga kumo? Ikiwa fupi, nani anagharamia? Maswali hayo manne huzuia ugomvi mwingi.

Breki isiguswe

Baiskeli nyingi ndogo hazina waya wa breki ya nyuma. Mtoto hukanyaga pedali kurudi nyuma na gurudumu linasimama. Angalia upande wa kushoto, kando ya ekseli ya nyuma, utauona mkono mwembamba wa chuma unaokwenda mbele na kufungwa kwenye fremu kwa kishikio kidogo. Mkono huo ndio unaoizuia ekseli isizunguke mtoto anapofunga breki. Ukiachwa bila kufungwa, breki haina pa kushikia.

Kwa bahati mbaya ndipo hapo hapo stendi inapotaka kukaa. Fundi asiyejua kazi ya mkono huo anaweza kukifungua kile kishikio “kupata nafasi” na kukitupa pembeni. Mweleze mapema kwamba kishikio hicho hakitoki. Stendi itafute nafasi mbele yake au nyuma yake. Kabla hujaondoka kijiweni, kiangalie kwa macho yako na ujaribu breki kwa mkono.

Kwa kuwa nati za ekseli zimefunguliwa, nyingi ni za spana namba 15, nyingine 14, hakikisha pia gurudumu limerudi katikati ya fremu na mnyororo haukubana wala kulegea sana. Ukiubonyeza katikati, ucheze kama sentimita moja. Zungusha gurudumu. Lisiguse kitu.

Macho ya mtoto kwanza

Watoto wanapenda kijiwe cha kuchomelea. Cheche zinaruka, mwanga unawaka kama radi, na fundi amevaa kofia ya ajabu. Ndiyo maana huko Mwananyamala na kwingineko utawakuta wamechuchumaa wakiangalia bila chochote usoni.

Mwanga ule una miale isiyoonekana ya urujuanimno, mikali kiasi cha kuunguza ngozi ya juu ya jicho. Ubaya wake ni kwamba hauumi pale pale. Mtoto anarudi nyumbani akicheza, halafu baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku, anaamka analia kwamba ana mchanga machoni, machozi yanamtoka na hawezi kutazama taa. Miwani ya jua haitoshi kuzuia. Kinachotosha ni kioo maalumu cha kuchomelea, au umbali na kugeuka upande mwingine.

Kwa hiyo mtoto ashiriki kupima, ashiriki kuchagua rangi, lakini fundi akiwasha mashine yeye na wewe muwe mmeondoka. Akipata maumivu hayo, mpeleke kituo cha afya. Wakazi wa hapa wana hospitali ya rufaa ya mkoa jirani. Usimtie maziwa wala dawa ya macho ya jirani.

Jambo jingine ni bomba la maji. Fundi akitaka kutumia kipande cha bomba lenye ngozi ya zinki inayong'aa, mwombe aiondoe zinki kwanza au atumie chuma cheusi. Moshi wa zinki iliyoungua humletea anayeuvuta homa na kuumwa mwili, na kijiwe kingi kiko mlango mmoja na nyumba za watu.

Ijaribu kabla ya kusema asante

Simamisha baiskeli hapo hapo kijiweni. Isukume kidogo kwa kidole kutoka kushoto, kisha kutoka kulia. Irudi yenyewe. Geuza usukani pande zote mbili. Tundika begi la shule kwenye usukani kama mwanao anavyofanya. Ikianguka kwa begi, ni afadhali ujue sasa.

Kisha kunja stendi, inamisha baiskeli kushoto kama inayokata kona, pedali ya kushoto ikiwa chini. Kitu cha kwanza kugusa ardhi kiwe pedali au tairi, kamwe isiwe stendi. Zungusha pedali nyuma na mbele, kisigino cha mtoto kisigonge chuma. Mwisho ishike baiskeli kwa kiti uitikise kwa nguvu. Mguu wa stendi ukidondoka wenyewe, springi haitoshi, na kazi haijaisha.

Baada ya wiki moja ya matumizi, rudia kukaza nati zote. Chuma kipya kikishakaa, hulegea kidogo.

Kama ni pikipiki ndogo

Siku hizi baadhi ya familia hununua zile pikipiki ndogo za watoto za petroli, zenye injini isiyofika sentimita za ujazo 50. Wazo hilo si jipya. Mwaka 1961 kampuni ya Honda ilitengeneza pikipiki ndogo yenye magurudumu ya inchi tano kwa ajili ya bustani ya burudani ya Tama Tech huko Japani, na kutokana nayo ukazaliwa ukoo mzima wa pikipiki ndogo uitwao Monkey. Nyingi za bei nafuu tunazoziona leo zinakuja bila stendi kabisa, na kwa kuwa ziko chini mno, hakuna stendi ya bodaboda itakayozifaa.

Hatua za kupima ni zile zile, za kijiti na uzi. Yanayobadilika ni matatu. Uzito umeongezeka mara mbili au zaidi, kwa hiyo bapa liwe nene na lifungwe kwa bolti mbili kwenye fremu, mbali na ekseli. Joto limeingia, kwa hiyo stendi isikae upande ambao mtoto akiinama kuishusha ugoko wake unagusa bomba la moshi. Na petroli imo, hivyo hakuna kuchomelea chochote pikipiki ikiwa karibu. Kazi yote ifanyike pembeni, tangi likiwa mbali. Pikipiki ya namna hiyo ikilala chini huvuja mafuta, na hilo pekee ni sababu tosha ya kuitafutia stendi.

Na ieleweke kwamba stendi haiifanyi kuwa chombo cha barabarani. Mtoto wa shule ya msingi hana leseni na hawezi kuipata. Mahali pake ni uwanja uliofungwa, kofia kichwani, mtu mzima akiwa karibu.

Neno moja la kumfundisha

Pikipiki nyingi za kisasa zimewekewa swichi inayozima injini ukiondoka stendi ikiwa chini. Waendesha bodaboda wa Dar es Salaam wana swichi nyingine ya zamani zaidi, nayo ni sauti za watu. Dereva akisahau, mpita njia asiyemjua, muuza mihogo na kondakta wa daladala wote humpigia kelele, “Stendi! Stendi!” Wanajua kwamba kona ya kwanza ya kushoto chuma kile kitagota lami na kumrusha.

Baiskeli ya mtoto haina swichi, na kichochoroni huenda hakuna wa kumpigia kelele. Mfundishe utaratibu mmoja usiobadilika: mkono kwenye breki, stendi juu, ndipo mguu uende kwenye pedali. Akiegesha, gurudumu la mbele litazame upande wa mlima, kwa sababu baiskeli ikivutwa kurudi nyuma stendi inakaza, na ikisukumwa kwenda mbele inajikunja. Na asikae juu ya baiskeli ikiwa kwenye stendi, wala asimpakie mdogo wake hapo. Mguu ule umetengenezwa kubeba baiskeli tupu.

Muonyeshe pia pa kuegesha. Kwenye nyumba ya kupanga, mzazi na wapangaji wenzake wakubaliane kona moja, iwe ni nyuma ya mlango wa uani au kando ya tangi la maji, na hapo ndipo baiskeli ilale usiku, imesimama, imefungwa mnyororo na kufuli. Mtoto anayejua chombo chake kinakaa wapi hatafutwi na mwenye nyumba kila jioni.

Mwanao atakua, na inchi 16 itakuwa ndogo kwake kabla rangi haijachakaa. Siku hiyo fungua nati mbili, toa stendi, na uitunze pamoja na kile kijiti cha kipimo. Mdogo wake akirithi baiskeli, vyote vitakuwa tayari. Baiskeli ikienda kwa jirani, mpe na stendi yake, maana imetengenezwa kwa baiskeli hiyo na kwingine haitakaa.